Betri Mbili na Neno Moja

Jumatatu, 6 Machi

Daktari wa maneno ameniagiza niandike. Cheo chake halisi ni mtaalamu wa usemi, lakini hapa kituoni kila mtu, kuanzia mlinzi hadi mkuu, anamwita daktari wa maneno, naye huitika. "Mwalimu," ameniambia leo asubuhi, "kila neno atakalolitoa mama, liandike. Liwe sawa, lisiwe sawa, liandike na tarehe yake." Nilifundisha fizikia miaka thelathini na minne. Kuniambia niweke kumbukumbu ni kumwambia bata aingie majini.

Nianze na hali yenyewe. Mke wangu alipata kiharusi mwezi wa kumi na mbili. Mguu umerudi, anatembea na mkongojo. Mkono wa kulia unarudi kwa mwendo wake. Maneno ndiyo yaliyogoma. Anaelewa karibu kila kitu, lakini akifungua kinywa hutoka neno moja, pengine si lile alilolikusudia. Tena "ndiyo" na "hapana" zimebadilishana viti kichwani mwake: ukimwuliza kama anataka chai, atasema hapana huku ananyoosha mkono kupokea kikombe. Huyu ni mwanamke aliyekuwa mkunga kwa nusu ya umri wake, na hakuna mzazi aliyesahau maneno aliyoambiwa naye saa ya uchungu.

Leo ameonyeshwa picha ishirini, akataja tatu. Daktari wa maneno hakunificha: nafasi za mazoezi ni chache na wanaosubiri ni wengi. Mwisho wa mvua, yaani mwisho wa Mei, atajaribiwa tena. Ikiwa hataweza kueleza jambo kwa sentensi zinazofuatana, hata ziwe za kuchechemea, nafasi yake itapewa mwingine. Nasi tutarudi nyumbani na neno moja moja hadi kaburini. Hili la mwisho hakulisema yeye, nimelisema mimi.

Tunaishi ndani ya gari. Nyumbani ni mwendo wa nusu siku, na mvua ikishika, njia ni tope tupu. Mpwa wangu, fundi wa bodi za magari, alinunua basi dogo lililochoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na sinki, paneli ya sola juu ya paa, na betri mbili chini ya kitanda. Ametuazima kwa msimu huu. Tumeegesha nyuma ya kituo, kati ya tangi la maji na ukuta wa dobi. Mkuu wa kituo amekubali tuegeshe, lakini waya wa umeme kuvuka ua hataki hata kuusikia, kwa sababu mvua ikinyesha ua unageuka bwawa. Ana haki. Kwa hiyo tutaishi kwa jua, kama mimea, katika msimu usio na jua.

Maneno ya leo: "kikombe" (akitaka mkongojo), "hapana" (akimaanisha ndiyo), mara tisa.

7 Machi

Binti yetu amemletea mama yake spika ndogo yenye flashi. Ndani yake amerekodi sehemu thelathini za mchezo wa redio ambao mke wangu alikuwa akiufuata kila Jumapili akipiga pasi. Daktari wa maneno amefurahi kuliko sisi. "Hiyo ni dawa," amesema. "Sauti alizozizoea, hadithi anayoipenda. Asikilize kila siku, kadiri mnavyoweza."

Kadiri tunavyoweza: hapo ndipo penye hesabu. Betri ni pipa la maji lenye masharti. Ukiteka hadi nusu, hakuna tatizo. Ukizoea kuteka chini ya nusu, pipa lenyewe linaoza. Mafundi wana vipimo vyao, lakini hapa nitasema debe ili hata binti yangu anielewe. Betri zetu mbili zina debe mia mbili, kwa hiyo halali yetu ni mia. Siku ya jua kali paneli inajaza debe hamsini. Siku ya mvua, ishirini kwa kubembeleza. Televisheni ndogo iliyo ukutani inakunywa debe tano kwa saa; hiyo nimeifungia kabatini mara moja. Nimewasha spika, nikapima kwenye betri kwa mita yangu ya zamani: karibu debe mbili kwa saa. Si haba kwa kidude cha ukubwa wa ngumi.

Nimeamua: dakika ishirini kwa siku, saa nne asubuhi.

9 Machi

Mvua. Mchezo dakika ishirini: mambo ya mshonaji nguo. Maneno: "maji", "zima". Aliposema zima, nikazima. Ametii ratiba kuliko wanafunzi wangu wote.

13 Machi

Asubuhi nimemwuliza, "Umeamkaje, mama?" Akajibu, "Zima." Nikazima taa. Akaniangalia kwa muda mrefu.

Mchezo: mshonaji tena.

16 Machi

Mlinzi amekuja dirishani na koti lake la mvua, anatabasamu kama mtu mwenye ombi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia humu ndani mna televisheni."

"Marahaba. Ipo, imelala."

"Jumamosi mchana kuna mpira. Fainali, Mwalimu! Zamu yangu inaisha saa sita. Dakika tisini tu."

Nikamweleza. Dakika tisini ni saa moja na nusu. Saa moja na nusu kwa debe tano ni debe saba na nusu, hapo hatujaweka mapumziko wala muda wa nyongeza. Paneli inaleta ishirini, taa zinakula, pampu ya sinki inakula...

"Mwalimu," akanikatiza kwa upole, "mimi nimeomba mpira, sikuomba hesabu."

Mke wangu akacheka. Ni mara ya kwanza tangu tufike. Nimeandika kicheko kwenye orodha, ingawa si neno.

20 Machi

Mvua siku nzima. Mshonaji. "Zima." Nimezima.

24 Machi

Neno jipya! Nilipozima mchezo amesema, wazi kabisa, "Mkasi." Nikafurahi mno, nikafungua droo, nikampa mkasi. Akautupa sakafuni kwa mkono wa kushoto. Nikadhani anataka kukatwa kucha, nikamshika vidole, akauvuta mkono. "Mkasi," akarudia, akionyesha spika. Nikamweleza kwamba spika haifunguliwi kwa mkasi, ina skrubu.

Waandishi wa redio nao hawaishiwi na washonaji. Leo tena cherehani.

29 Machi

Siku mbaya. Mchezo ulikuwa umefika dakika ya kumi na tano hivi, mimi niko nje nafuta paneli. Nikasikia, "Zima! Zima! Zima!" Nikakimbilia ndani, nikazima swichi ya soketi, ile iliyo nyuma ya mto. Akachukua mto akanirushia. Akachukua kikombe, ashukuriwe Mungu kilikuwa cha plastiki. Kisha akalia, na kilio chake hakina maneno ndani yake, ni sauti tu, na hicho ndicho kilichonivunja.

Nimekaa kwenye kiti cha dereva nikifikiri. Kiharusi huacha watu wengine hawavumilii kelele. Nimelisoma hilo kwenye karatasi ya kituo. Kila siku anasema zima, nami kesho yake nawasha tena dakika ishirini zile zile kwa ukaidi wa ratiba. Nimemtesa kwa dawa. Kuanzia kesho, dakika kumi.

3 Aprili

Ameonyeshwa picha tena, katikati ya msimu. Mbili. Mwezi uliopita zilikuwa tatu.

"Anasikiliza mchezo?" ameniuliza daktari wa maneno.

"Kwa mpango maalumu," nikasema. "Kelele zinamchosha. Yeye mwenyewe huniambia nizime."

"Hukuniambia hivyo mwanzo."

"Nimeandika kila tarehe."

Akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza kitu, lakini mlango ukabishwa, zamu ya mwingine. Jinsi zamu ya mwingine inavyobisha haraka!

8 Aprili

Hakuna neno.

9 Aprili

Hakuna.

12 Aprili

Hakuna. Hata zima hasemi tena. Nikiwasha, anageuza uso kutazama ukuta. Nikizima, hageuki.

Jambo la ajabu: nimepunguza mchezo hadi dakika kumi, taa tunawasha moja, na bado betri zinashuka. Leo asubuhi mita inaonyesha tumevuka nusu. Mwizi yumo humu ndani na simwoni.

15 Aprili

Nimemwambia mke wangu usoni, "Usipoongea mimi nitaongea na nani?" Nimejuta mara neno lilipotoka. Akanishika sikio kwa mkono wa kushoto, akalivuta kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani nikikawia mezani. Akaliachia. Sikuelewa.

Jumatano, 19 Aprili

Haya yaliyotokea leo nataka niyaandike kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio mkongojo wangu.

Asubuhi nimefungua betri moja ili nikaichajishe kwenye karakana ya mchomeleaji iliyo ng'ambo ya barabara. Inanishinda kuibeba, nimeazima toroli la dobi. Sikutaka kumwacha mke wangu peke yake, nikamwomba mama wa usafi akae naye. Watu wanamwita Mama Ndoo. Anasafisha ukumbi ulio karibu na gari letu, na mke wangu anampenda, maana huingia bila kubisha na kuzungumza bila kungoja majibu. Nikawasha mchezo, nikamwagiza: "Dakika kumi. Akisema zima, zima." Nikaondoka.

Pale karakana mvua ikanishika, ya kukata maono. Nikakaa zaidi ya saa mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikihesabu debe kichwani. Betri iliyobaki garini ilikuwa dhaifu. Ikiwa Mama Ndoo amesahau, nitakuta imekufa na mke wangu amelia.

Niliporudi nikasikia spika tangu kwenye tangi la maji. Nikafungua mlango. Wanawake wawili wameketi kitandani bega kwa bega, wameinamia spika kama watu wanaoota moto. Mke wangu ameshika mkono wa mwenzake. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na alikuwa anacheka.

"Mama Ndoo! Bado inalia hii?"

"Mwalimu, nisamehe! Alisema zima, nikatafuta pa kuzimia, sipaoni, nusura nizimie mimi! Nikabonyeza hapa, ikaongeza sauti. Nikaogopa nisije kuiharibu, nikaiacha. Kumbe shoga yangu hata hataki izimwe."

"Umejuaje?"

"Mtu anayetaka kelele ziishe ataisogelea spika, Mwalimu? Amesema zima, halafu akaikumbatia!"

Mama Ndoo akajiweka sawa, mikono kiunoni, nikajua nimo matatani.

"Na wewe nawe, kwa nini kila siku unamwekea nusu ile ile? Mimi nasugua ukumbi hapo nje. Tangu mwezi wa tatu nasikia fundi cherehani analetewa kitambaa cha harusi na yule mwanamke aliyemnyang'anya mchumba wake wa ujanani. Amshonee bintiye, eti! Fundi anachukua mkasi... kimya! Kesho yake tena: kitambaa, mchumba, mkasi... kimya! Kule stoo tumegawanyika makundi mawili, wanaosema atakikata kitambaa vipande vipande na wanaosema hatakikata. Watu hatulali, Mwalimu!"

"Mkasi," akasema mke wangu. Neno la kwanza nililolisikia kwake baada ya siku kumi na mbili.

Nikaketi sakafuni. Spika hiyo ikikatwa umeme hurudi mwanzo wa sehemu ya kwanza. Nilijua kwamba hurudi mwanzo; niliiona taa yake ikianza upya kila siku. Sikusikiliza ilichokuwa ikisema, kwa sababu michezo ya redio hunipita pembeni kama gari la mizigo. Kwa wiki sita nimemwekea mke wangu mwanzo wa hadithi moja, na kila mara mwanamke yule alipoinua mkasi, au hata kabla hajauinua, mimi nikakata.

"Mama," nikamwuliza, "uliposema zima... ulitaka hadithi nzima?"

"Hapana!" akasema kwa furaha. "Hapana, hapana, hapana!" Na kila hapana ilikuwa ndiyo.

20 Aprili

Nimempelekea daktari wa maneno daftari hili. Amesoma, mara mbili akaziba mdomo kwa kiganja. Sijui kama alikuwa analia au anacheka; nadhani vyote.

"Sikiliza, Mwalimu. Ubongo ulioumia hivi mara nyingi huangusha vipande vidogo vya mwanzo wa neno. Sisi lugha yetu yote imejengwa kwa vipande hivyo. Hadithi nzima, mchezo mzima, kipindi kizima. Ondoa cha mbele, kinabaki nini?"

"Zima," nikasema.

"Kiambishi kimedondoka, mzizi umebaki. Mtu wa lugha nyingine asingekosea hivi. Ungekuwa mjinga kidogo ungemwacha asikilize. Wewe umekosea kwa sababu unajua sana Kiswahili na unapenda sana betri."

Halafu akafungua ukurasa wa tarehe 13 Machi, akaweka kidole. Umeamkaje, mama? Zima. Nikazima taa.

Mwanamke wa watu alikuwa ananiambia ni mzima.

21 Aprili

Sasa nataka umeme wa kutosha sehemu zote thelathini, na debe nilizo nazo hazitoshi. Nimerudi kwenye mita kama mwanafunzi aliyefeli. Spika ikiwa imewashwa: karibu debe mbili kwa saa, kama Machi. Nikazima spika, nikapima tena. Nilitarajia sifuri. Mita ikasoma zaidi ya debe moja.

Sikuwahi kupima ikiwa imezimwa. Ni kosa ambalo ningemkatia mtoto wa kidato cha pili alama tano na kumsimamisha ubaoni.

Mwizi ni inveta, mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Hata isipokuwa na kazi inakunywa, kama bawabu anayekula chakula cha wageni ambao hawakuja. Debe moja na ushee kila saa, usiku na mchana, ni debe thelathini kwa siku. Spika yenyewe haifiki hata nusu debe kwa saa. Nilimshtaki mwimbaji, na mla ni bawabu.

Na kwa nini iliwashwa muda wote? Kwa sababu juu ya swichi yake kuna karatasi yenye maandishi mekundu: USIZIME. Nikampigia mpwa wangu.

"Mjomba, ile karatasi bado ipo?" Nikasikia akiweka nyundo chini. "Niliibandika siku nilipokuwa natoboa dari kwa drili, mtu asije akanikatia umeme. Ibandue!"

"Kwa nini hukuibandua wewe?"

"Nilisahau. Halafu, Mjomba, nilijua mtu aliyefundisha umeme miaka yote hiyo hawezi kutii karatasi."

Nimeizima. Spika nimeichomeka kwenye tundu la kuchajia simu kando ya kitanda, ambalo linachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Tukicheza mchezo saa nane kwa siku hatumalizi hata debe nne. Nimekaa kitandani nikasikiliza sehemu ya pili na ya tatu, zote, bila mita. Kweli ule mchezo ni mzuri. Yule mchumba ni mshenzi.

22 Aprili

Mvua. Saa sita za mchezo. Betri zinapanda! Maneno: mkasi, shona, huyo, mbaya, mbaya sana (mawili pamoja!).

26 Aprili

Maneno kumi na moja. Nilipotaka kueleza kwa nini betri hupoteza nguvu kwenye baridi, amesema, "Nyamaza. Anaingia." Alikuwa anaingia mama mkwe, kwenye mchezo.

Jumamosi, 6 Mei

Fainali ile ilishapita zamani, lakini leo kulikuwa na mpira mwingine saa tisa alasiri. Nikamwita mlinzi mwenyewe. Amevua viatu mlangoni kama anaingia msikitini. Inveta nimeiwasha kwa saa mbili kamili, mgeni aliyealikwa, si bawabu. Mama Ndoo naye akaja, akasimama penye sinki akisema mpira ni upuuzi, akaupigia kelele kuliko wote.

Timu ya mlinzi imefungwa. Mke wangu amempigapiga begani. "Pole, baba," amesema. "Pole. Ndiyo dunia." Mlinzi akasema, "Asante, mama," akajifuta macho, na alipogundua aliyempa pole ni nani, akasahau timu yake. Tukaangaliana wote watatu.

14 Mei

Siku tano mfululizo bila jua. Betri zimeshuka polepole, zimesimama juu ya nusu. Zamani ningeziandikia kurasa mbili.

21 Mei

Tumemaliza sehemu ya thelathini. Ametaka kuanza upya. Nimewasha mwenyewe.

28 Mei

Kesho. Nimemwambia asihofu. "Wewe," amenijibu, "wewe ndiyo." Ni kweli, mimi ndiye.

Jumatatu, 29 Mei

Chumba cha daktari wa maneno kina meza, viti vitatu, na saa ya ukutani inayosikika. Nimekatazwa kusema. Nimekaa nyuma, karibu na mlango, mikono magotini.

Picha kwanza: kumi na nne kati ya ishirini. Nikajiuma ulimi. Kisha daktari akazifunga picha, akaweka kalamu tayari.

"Sasa, mama, nieleze jambo lolote. Ulilolifanya, uliloliona, ulilolisikia. Taratibu, huna haraka. Tuna dakika tano."

Mke wangu akatazama dirisha. Saa ikasonga. Nikaanza kuhesabu, nikajikanya.

"Cherehani," akasema.

"Ndiyo."

"Kuna mwanamke. Anashona. Mwanamke mwingine... anakuja. Kitambaa. Kitambaa cheupe. Harusi." Akapumua. "Huyo mwingine alichukua... alichukua mtu wake. Zamani. Mtu wake! Sasa anataka nguo. Ya binti."

Kalamu ya daktari haikuandika tena.

"Fundi akachukua mkasi." Hapo akasimama. Nikaona jasho juu ya mdomo wake. Alikuwa analitafuta neno, na neno limejificha. Mkono wa kushoto ukawa unafungua na kufunga hewani, unakata. Saa ikaonyesha dakika nne. Mlango ukabishwa.

Nilijua ni nani: mgonjwa anayefuata na ndugu yake, watu wazuri tu, tulisalimiana ukumbini. Nikasimama bila kutoa sauti, nikakishika kitasa, nikakishikilia. Kikajaribu kuzunguka mkononi mwangu. Nikakikaza. Daktari aliniona. Akarudisha macho kwa mke wangu.

"Hakukata," akasema mke wangu. "Hakukata ovyo. Alikata sawa. Akashona. Vizuri, akashona vizuri. Na yeye alikuwa na nguo yake. Ya zamani. Hakuivaa. Akachukua kipande. Kidogo tu. Akakishona ndani. Ndani, huku, hakuna mtu ataona." Akagusa kifua chake kuonyesha mahali. "Binti akaolewa. Amevaa... amevaa ya wote wawili. Imekwisha."

Dakika kumi na moja. Daktari wa maneno akaiangalia karatasi yake yenye mistari ya kujaza, akaigeuza upande wa nyuma penye nafasi, akaandika sana. Kisha akasema nafasi ni yake: atakuja mara moja kwa mwezi, na mazoezi mengine tutayafanya nyumbani. Nikakiachia kitasa. Ndugu wa mgonjwa karibu aangukie ndani. Nikamwomba radhi, nikataka kumweleza sababu, nikaona haina haja.

Mama Ndoo alikuwa ukumbini na ndoo yake. "Eh?" akauliza. Mke wangu akamjibu mwenyewe.

"Nimepita."

31 Mei

Tumeondoka saa mbili asubuhi. Mlinzi ametufungulia lango lote, upande huu na upande ule, kana kwamba tuna msafara. Jua limetoka.

Katikati ya njia tumekuta daraja limefungwa, maji yamepita juu yake jana. Kuna barabara ya kuzunguka, lakini siijui. Mke wangu anaijua. Aliipita miaka mingi akienda kuzalisha. Tukafika kwenye njia panda isiyo na kibao, nikasimamisha gari.

"Wapi, mama?"

"Kushoto," akasema bila kusita, na mkono wake ukanyooka kuelekea kulia.

Nimekaa kidogo, injini inanguruma, nikimtazama. Hapo zamani ningemsahihisha. Ningemweleza kulia ni upi na kushoto ni upi, na kwa nini watu huwa wanavichanganya. Nikakata kona kufuata mkono.

Saa tisa tumefika nyumbani.